Cheti Kinataja Babu, Hakitaji Nyonga

Simu huja jioni, saa ambayo watu wamekwama kwenye foleni wakirudi nyumbani. "Habari, mama? Nimeambiwa una shepadi. Natafuta mbwa kali, tena mwenye makaratasi." Namuuliza anaishi wapi, nani anashinda nyumbani mchana, na mbwa atalala wapi. Anajibu haraka haraka kama mtu anayejaza fomu, kisha anarudi pale pale: "Lakini makaratasi yapo?"

Yapo. Kila mtoto wa mbwa anayetoka kwangu huandikishwa East Africa Kennel Club, chama kinachotunza daftari la mbwa wa nasaba hapa kwetu, chenye makao yake katika uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, Ngong Road. Nakithamini cheti chake. Nimekesha usiku mwingi nikiyasoma majina yaliyomo, nikifuata mstari wa mama hadi kwa bibi, na wa bibi hadi kwa jike aliyezaliwa ng'ambo kabla mimi sijawaza kufuga. Lakini kwa miaka 14 ambayo nimefuga shepadi wa Kijerumani, tunaowaita Jamani shepadi, hapa Kabete, nimegundua kwamba anayeulizia makaratasi huwa anauliza jambo moja na kujibiwa jingine. Yeye anataka kujua kama mbwa ni mzima. Cheti kinamwambia mbwa ni wa nani.

Hapo ndipo penye kidonda chetu. Maadamu soko la Nairobi linalipia jina na halilipii afya, mfugaji anayewapima mbwa wake na kusema ukweli atazidi kupoteza, na anayefumba macho atazidi kuvuna. Siyasemi haya kwa kusikia. Yamenipata, na nitaeleza.

Wazo la cheti si letu, na si la kale sana. Maonyesho ya mbwa yanayohesabiwa kuwa ya kwanza yalifanyika Newcastle, Uingereza, mwaka 1859, yakiwa na mbwa 60 wa wawindaji wa ndege. Mwaka 1873 ikaundwa Kennel Club jijini London, na kazi yake kubwa ikawa daftari: huyu baba yake nani, mama yake nani, alizaliwa lini. Baadaye madaftari yakafungwa. Anayeingia ni yule tu ambaye wazazi wake wote wawili wamo tayari. Kwa njia hiyo umbo la mbegu, yaani la aina ile ya mbwa, likalindwa, ukawa unajua kwamba mtoto wa shepadi atakua kuwa shepadi. Ila mlango uliofungwa haumzuii mgeni peke yake. Ugonjwa uliokuwa ndani siku ya kufunga nao umebaki ndani, na hakuna damu mpya ya kuuzimua.

Shepadi mwenyewe alianza vizuri. Mwaka 1899 Max von Stephanitz, aliyekuwa afisa wa jeshi la farasi la Ujerumani, alimwona mbwa mmoja wa kuchunga kondoo, akamnunua, akampa jina jipya, Horand von Grafrath, na kumwandika wa kwanza katika daftari la chama alichokiunda mwaka huo huo. Alichokitaka Stephanitz ni mbwa wa kazi: mwenye akili, mtulivu, anayeweza kukimbia mwendo wa taratibu kutwa nzima bila kuchoka. Mwaka 1925, akiwa mwamuzi wa maonyesho makuu, aliona mbwa wanazidi kuwa warefu wa miguu, akampa ushindi Klodo von Boxberg, ambaye alikuwa wa chini zaidi na mwili wake mrefu. Wafugaji wakamkimbilia Klodo. Alasiri moja, mtu mmoja akinyoosha kidole uwanjani, umbo la mbegu nzima likaanza kugeuka. Wanaoona maonyesho ya mbwa kuwa ni mchezo wa matajiri waifikirie alasiri hiyo. Mwamuzi anapochagua mshindi, anachagua baba wa mamia. Na waamuzi wa miaka ya baadaye, waliopenda mgongo unaoteremka nyuma kama paa la nyumba, nao walichagua.

Sasa lilete jambo hilo Nairobi, mahali ambapo shepadi wa nasaba ni wachache. Mtu anapata kibali, anamleta dume kutoka Ujerumani, dume zuri kwa kweli, na kila mwenye jike anataka apandwe na huyo. Ukimkosa yeye unamchukua mwanawe. Baada ya vizazi viwili, ukitafuta mchumba wa jike lako kuanzia Kitengela hadi Ruiru, unakuta wote ni binamu. Hesabu yake inajulikana tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Ukimpandisha baba kwa binti yake, au ndugu wa baba mmoja mama mmoja, kuna uwezekano wa asilimia 25 kwamba mtoto atarithi nakala mbili za jeni ile ile kutoka kwa mzee yule yule, kwenye sehemu yoyote ya kurithi utakayoigusa. Ndugu wa baba mmoja mama tofauti, asilimia 12.5. Kennel Club ya Uingereza iliacha kuandikisha watoto wa baba na binti, wa mama na mwana, na wa ndugu kamili mwaka 2009, baada ya televisheni kuwaonyesha Waingereza jinsi mbwa wao wa tuzo wanavyoteseka. Lakini sheria hiyo inazuia ndoa moja. Haizuii ujamaa unaojikusanya polepole, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu wote tulimpenda dume mmoja.

Nimeanza na haya ili nikisema kwamba kuzalisha mbwa ni furaha, msomaji ajue nasema nikiwa nimeyaona.

Ni furaha hasa. Jike wangu wa kwanza kuzaa, Tausi, alipandishwa nikiwa nimengoja miaka mitatu: kwanza akomae, kisha apigwe picha ya eksirei ya nyonga na viwiko, kisha nipate dume asiye ndugu yake wa karibu. Mbwa hubeba mimba kama siku 63. Siku ya 60 nilianza kumpima joto asubuhi na jioni, kwa sababu joto la jike hushuka chini ya nyuzi 37 kabla ya kuzaa, na likishuka unajua unazo saa 24 au pungufu. Lilishuka Jumanne jioni. Akakataa chakula, akaanza kuchana magazeti niliyomtandikia kwenye sanduku, akayachana na kuyarundika, akanitazama, akachana tena. Kijana anayenisaidia alikuwa amechemsha maji na kuyatia kwenye chupa za plastiki, tukazifunga kwa taulo, maana stima ya mtaa wetu haina ahadi. Saa saba na robo usiku akatoka wa kwanza, ndani ya mfuko wake, mweusi tititi kama kipande cha makaa kilicholowa. Tausi akaupasua mfuko kwa meno ya mbele, polepole, kama mtu anayefungua barua asiyotaka kuirarua. Akamlamba, akamsukuma kwa pua, akamlamba tena kwa nguvu mpaka akalia. Hakufundishwa na mtu. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili, naye alikuwa hajasoma chochote, na usiku ule mwenye kujua alikuwa yeye.

Walikuja saba. Tukawafunga nyuzi za sufu za rangi shingoni ili tusiwachanganye, tukawapima mmoja mmoja kwenye mizani ya jikoni. Wengi walikuwa kati ya gramu 430 na 500. Wa mwisho, mwenye uzi wa kijani, alikuwa na 310.

Mtoto wa mbwa huzaliwa hajui kujitunzia joto. Akipoa, tumbo lake huacha kufanya kazi, na maziwa utakayompa yatamchachia ndani. Kwa hiyo humlishi kwanza, unampasha moto kwanza. Hilo nilikuwa nalijua kwa maneno. Usiku wa pili stima ilipotea, chupa zikapoa mimi nimesinzia kwenye kiti, na nilipoamka yule wa kijani alikuwa amejiviringisha pembeni, mbali na wenzake, baridi kama kikombe. Nilimweka kifuani, ndani ya sweta. Baada ya saa nzima akaanza kutikisa kichwa akitafuta titi, nikamweka kwa mama yake apate ile dang'a ya mwisho mwisho. Alinyonya. Asubuhi mizani ikasema 305. Jioni 296. Nikampa maziwa kwa mrija mwembamba, kila saa mbili, mchana na usiku. Siku ya tatu, alfajiri, alifunua mdomo mara mbili kama anayepiga miayo, akatulia mkononi mwangu. Tausi alininusa kiganja kwa muda mrefu. Kisha akarudi kwa sita waliobaki, nami nikabaki nimeketi sakafuni hadi jua lilipotoka.

Watu hunishangaa ninapokitaja kifo hicho kwa uchungu, ilhali kilikuwa kifo cha kiumbe wa gramu 296. Sijui kukitaja kwa namna nyingine. Ni mimi niliyeamua kwamba azaliwe.

Siku ya 12 macho yanafunguka. Wiki ya tatu wanaanza kutembea kama walevi, na kuanzia hapo mpaka wiki ya 12 ndipo mbwa anapojengwa, maana katika wiki hizo akili yake iko wazi kupokea lolote atakaloliona kuwa ni jambo la kawaida. Mlio wa bodaboda. Mtoto anayekimbia. Mwavuli ukifunguliwa. Mtu mwenye kofia ya helmeti. Mfugaji anayewafungia watoto bandani wiki hizo zote ili "wasizoee watu, wawe kali" anatengeneza mbwa mwoga, na mbwa anayeuma ovyo mara nyingi ni mwoga. Bango la MBWA KALI unaloliona kwenye malango yetu kuanzia Buruburu mpaka Karen limetudhuru kuliko tunavyofikiri. Linamfundisha mnunuzi kutafuta kasoro na kuilipia kama sifa. Shepadi mzuri hahitaji kuchokozwa akiwa mdogo. Anahitaji kujua nyumba yake ni ipi na watu wake ni akina nani.

Wiki hizo hizo ndizo za hofu ya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa. Virusi vyake hukaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi, na huingia nyumbani kwa soli ya kiatu cha mgeni aliyekuja kusema "wanapendeza jamani." Kwangu mgeni anakanyaga beseni la maji yenye Jik getini, awe nani awe nani. Jirani mmoja alichukia, tukakaa miezi bila salamu. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16, kwa sababu kinga aliyopewa na mama yake huizuia chanjo isishike, na hujui ni siku gani kinga hiyo itaisha. Anayekuuzia mtoto wa wiki tano kando ya barabara, amemshika juu juu kwenye dirisha la gari lako huku akikuapia kwamba "ameshachanjwa zote," anakudanganya. Haiwezekani awe amemaliza. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nije kwenye maonyesho.

Jamhuri asubuhi ya maonyesho ina harufu yake: nyasi zenye umande, shampuu, na kahawa ya kwenye chupa. Mbwa wameamka saa kumi, wamechanwa manyoya, wamekatwa kucha. Mwamuzi, ambaye mara nyingi ametoka nje ya nchi ili asiwe na rafiki uwanjani, anawatazama wamesimama, anafungua mdomo kuhesabu meno, anapitisha mikono mabegani na mapajani, kwa dume anahakikisha korodani zote mbili zimeshuka, kisha anasema wazungushe. Hapo ndipo moyo hupanda. Shepadi aliyeumbwa vizuri akianza kukimbia ule mwendo wa taratibu, mgongo hautikisiki. Miguu inapita chini kama maji, na kichwa kimekaa mahali pamoja. Binti wa Tausi, Lulu, alikuwa na mwendo huo. Nilimbakiza mimi mwenyewe kutoka kwenye mzao ule ule wa watoto saba. Akiwa na miezi 15 alishinda shepadi wote waliokuwepo siku ile, na watu nisiowajua wakavuka uwanja kuja kuniuliza ni lini nitamzalisha. Wawili walitaka kulipa kabisa, pale pale, kwa simu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku ile niliuelewa msemo huo kutoka ndani. Kila sifa uwanjani ilikuwa inanisukuma kuelekea jambo moja, kumpandisha Lulu haraka, jina likiwa bado la moto. Na hakuna mtu hata mmoja kati ya waliompapasa aliyeuliza kuhusu nyonga zake. Mwamuzi naye haoni nyonga. Anaona mwendo. Mbwa kijana mwenye misuli mizuri anaweza kuficha nyonga mbovu kwa miaka.

Nilimpeleka kupigwa picha akiwa na miaka miwili. Wakamdunga usingizi, wakamlaza chali, wakamnyoosha miguu ya nyuma. Daktari aliiweka picha kwenye taa na hakusema kitu kwa muda. Kisha akachukua kalamu na kunionyesha bila kuigusa filamu. "Tazama hapa, mama. Hiki kichwa cha fupa la paja kinatakiwa kikae ndani ya kikombe chake, kama yai kwenye kijiko. Cha Lulu kimekaa ukingoni." Upande wa pili ulikuwa afadhali kidogo tu. Kwa kipimo cha Waingereza, ambacho kila nyonga hupewa alama kuanzia 0 hadi 53 na chini ndiko kuzuri, Lulu alipata jumla ya 41. Mama yake alikuwa na 11. Baba yake 9.

Jambo hilo linahitaji kuelezwa, kwa sababu wengi huliona kuwa ushahidi kwamba kupima hakuna maana. Ulegevu wa nyonga hautokani na jeni moja. Ni jeni nyingi zikichangia kidogo kidogo, halafu malezi yanaongeza yake: mtoto aliyenenepeshwa, aliyekua mbio, aliyekuwa akiteleza kwenye vigae. Wazazi wawili wazuri wanaweza kuzaa mtoto mwenye nyonga mbaya. Kupima hakukupi hakika, kunapunguza bahati mbaya, mzao kwa mzao, mradi usimzalishe yule aliyeangukiwa nayo. Kuna magonjwa mengine ambayo hesabu yake ni nyepesi. Ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaowapoozesha shepadi uzeeni wakaanza kuburura miguu ya nyuma, jeni yake inajulikana, na mbwa aliye na nakala moja tu kwa kawaida haugui. Huyo huna haja ya kumtupa. Ukimpandisha kwa asiye nayo kabisa, hakuna mtoto atakayepata nakala mbili. Na kwetu, ambako mbwa wa nasaba ni wachache hivi, kumtupa kila mwenye dosari ndogo kungetuongezea ujamaa tunaoukimbia. Kuwajibika ni kupima, kisha kufikiri.

Kwa Lulu hapakuwa na la kufikiri. Nilimfunga kizazi mwezi uliofuata.

Kisha nikafanya lile ambalo mwalimu aliyenifundisha kufuga alisema ni lazima. Niliwapigia simu wote watano waliowachukua ndugu zake. Niliwaambia matokeo, nikawaomba wawapige picha, nikajitolea kuchangia gharama. Wawili walinishukuru. Mmoja wao alisema, "Mama, usijali, huyu ni wa nyumbani, hata akichechemea ni wetu." Wa tatu alinitaka nimrudishie pesa, nikamrudishia zote, na mbwa akabaki naye. Wa nne alikuwa ameshampandisha dume lake mara mbili na hakutaka kusikia. Wa tano hakupokea. Haikuchukua wiki mbili habari ikawa imezunguka jiji. Mfugaji mmoja, ambaye hajawahi kupiga picha ya nyonga ya mbwa wake yeyote, alianza kuwaambia wanunuzi kwamba mbwa wangu wana nyonga mbovu. Mwaka ule nilikuwa na watoto sita wa jike mwingine. Nilikaa na wanne kati yao hadi miezi saba.

Fikiria mpangilio huo ulivyo. Aliyepima ana ugonjwa. Asiyepima hana. Mnunuzi anayeogopa atakwenda kwa yule asiye na rekodi yoyote, akiamini amekwepa hatari. Sizungumzii tabia mbaya ya mtu mmoja, maana huyo akiondoka atakuja mwingine. Ni mfumo unaoilipa kimya, na hautageuka kwa kuwahimiza watu wawe waaminifu. Mimi nilikuwa mwaminifu na iliniumiza, na kuna wafugaji vijana waliotazama yaliyonipata wakajifunza somo baya.

Yapo mahali walikotoka kwenye shimo hili. Uswidi na Ufini, chama cha mbwa huweka matokeo ya vipimo vya kila mbwa aliyeandikishwa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuyasoma, mazuri na mabaya, ya baba, ya mama, ya shangazi. Mnunuzi haulizi "makaratasi yapo?" Anafungua kompyuta, anaona alama za ukoo mzima. Hapo mfugaji aliyepata 41 haaibiki peke yake, kwa sababu kila ukoo una 41 yake mahali fulani, na asiyekuwa na alama yoyote ndiye anayetiliwa shaka. Ninachokitaka kwa shepadi wa Nairobi ni kidogo kuliko hapo: cheti cha nasaba kiwe na mstari mmoja zaidi chini ya jina la kila mzazi, alama ya nyonga, na kama hakupimwa paandikwe "hakupimwa." Neno hilo moja, likichapishwa, lingefanya kazi ambayo makala yangu hayataifanya. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamfikia anayempiga mbwa au kumnyima chakula. Anayemzalisha mbwa atakayesikia maumivu kila anapoinuka, hiyo haimfikii.

Naijua hoja ya upande wa pili, na nawaheshimu wanaoitoa. Nenda KSPCA, chama cha kutunza wanyama, kule Karen uone mbwa waliookotwa, kisha uulize kwa nini mtu aendelee kuzalisha wengine. Nami nimekwenda, na mbwa wangu wa sasa wa mlangoni, Karanga, alitoka huko. Sina jibu la kuwanyamazisha. Nina masharti tu: mbwa yeyote aliyezaliwa kwangu akikosa nyumba, awe na mwaka mmoja au kumi, anarudi kwangu, na imo kwenye mkataba. Wamerudi watatu. Mmoja alirudi na alama ya mnyororo shingoni.

Nina neno pia kuhusu mbwa tunaowaita koko, maana dharau yetu kwao inatoka kwenye chemchemi ile ile ya makaratasi. Kuna mbegu inayoitwa basenji, yenye masikio ya kusimama na mkia uliojikunja, isiyobweka bali hutoa sauti kama ya wimbo. Inatoka misitu ya Kongo. Jina lake linahusishwa na msemo wa Kilingala, lugha ya kule, mbwa na basenji, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: ni mbwa wa washenzi. Wazungu waliwachukua wachache tu, wakazalisha kutokana na hao, wakafunga daftari. Miongo michache baadaye mbwa wale walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa figo wa kurithi. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Zaire, wakaenda vijijini wakitafuta mbwa wa wanakijiji, mbwa wasio na cheti wala jina la babu. Mwaka 1990 chama cha Marekani kililifungua daftari lililokuwa limefungwa na kuwaandika mbwa hao wa Kiafrika. Mbwa wa washenzi ndio walioletwa kuwaokoa mbwa wa nasaba. Siku nikisikia mtu uwanjani Jamhuri akisema "huyo ni mshenzi tu" kuhusu mbwa wa mlinzi aliyejilalia kwenye kivuli cha uzio, huwa nasimama na kumsimulia habari hiyo, hata kama mbwa wangu anaitwa kuingia.

Mzao wangu wa tano ulizaliwa mwaka jana. Wazazi wote wawili wamepimwa, na karatasi za picha zimebandikwa kwenye faili moja na cheti. Niliwauza kwa watu waliokubali kungoja na kujibu maswali yangu. Yule aliyepiga simu jioni akitaka mbwa kali hakurudi. Mwingine aliyeanza kwa maneno yale yale alirudi baada ya wiki, akaja na mkewe na watoto, wakakanyaga beseni getini bila kulalamika, wakaketi kwenye nyasi saa mbili. Mbwa wao sasa ana mwaka mmoja. Alinitumia picha yake akiwa kwenye kamba, Karura, ametulia katikati ya watu.

Lulu anatimiza miaka saba. Asubuhi za baridi huchukua muda kuinuka, nami humsugua mapaja mpaka yapate moto, kisha anakwenda zake getini. Bado ndiye mbwa mzuri kuliko wote nyumbani. Wageni wakija kuangalia watoto wa mbwa, macho huenda kwake kwanza, na wote husema neno lilelile: "Tunataka wa huyu." Nawakaribisha ndani wakae, nafungua kabati, naitoa ile filamu na kuisimamisha dirishani, mahali penye mwanga.